Kumuaga Daktari Taratibu, Aliyemtetea Mkwe kwa Paka

Mheshimiwa Mkuu wa Kliniki, ndugu madaktari na wauguzi wa wanyama, wageni waalikwa, mama mkwe wangu uliyeketi mstari wa mbele, na wewe mbwa mzee unayekoroma pale mlangoni: hamjambo?

Tumekuja kumuaga Daktari Taratibu, anayestaafu leo. Wengi watamsifu kwa mbwa vikongwe aliowarudishia mwendo. Mimi namsifu kwa kuiokoa ndoa yangu.

Nilipoolewa nilimkuta paka wa mama mkwe, ajuza wa miaka kumi na saba. Wiki hiyohiyo akaacha kurukia dirishani, akaanza kukojoa kwenye zulia, na nikimbeba ananguruma. Mama akatangaza, "Paka huyu hakosei. Kuna kitu amekiona kwa huyu binti." Ningejitetea vipi, ndugu zangu, na shahidi mwenyewe hasemi? Mume wangu akajificha nyuma ya gazeti. Nikafungasha nguo zangu.

Kabla sijaondoka tukamleta paka hapa, mama akiwa na mashtaka yake mdomoni. Daktari hakuwa na haraka. Alimpapasa mgongo, akashuka hadi nyonga, paka akamfokea.

"Mama, nyonga zinamuuma," akasema. "Sanduku lake la mchanga lina ukuta mrefu, hawezi kuuvuka tena. Likateni upande mmoja. Mwekeeni godoro penye joto, na kigoda cha kupandia dirishani. Dawa ya maumivu nitawapa."

"Na huyu binti je?"

"Huyu mzima kabisa. Endeleeni naye."

Jioni hiyo mume wangu alishika msumeno, mimi nikafungua mabegi. Tangu hapo mama na mimi tunamchana paka manyoya kwa zamu, maana hawezi tena kuufikia mgongo wake, na tunampondea chakula kwa sababu meno yamekwisha. Tukigombana siku hizi, ni kuhusu nani anamdekeza zaidi.

Daktari, ulitufundisha kuwa mnyama mzee halalamiki, hujificha tu. Basi tumtazame anavyokula, anavyolala, anavyoinuka. Nani kati yetu hapa asingependa kutazamwa hivyo uzeeni?

Asubuhi ya leo, tulipomwacha paka hapa kliniki apimwe, daktari mpya alimuuliza mama, "Paka akizidiwa, nimpigie nani?"

Mama akajibu, "Mwanangu."

Mume wangu akatoa simu. Mama akamsogeza kando kwa kiwiko.

"Si wewe," akasema, akanishika mkono. "Huyu."

Pumzika kwa raha, Daktari. Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu.