Diski ya Tisa Yagoma Sultan Hamud

Benchi letu liko mbele ya duka la Ugas, hapa Sultan Hamud, na juu yake hutatuliwa kila kitu isipokuwa shida. Wenye benchi ni Nzuki, tunayemwita Injinia kwa sababu alipaka magurudumu ya treni grisi miaka kumi na miwili; Mulei, ambaye ni Daktari kwa vile ananyunyizia ng'ombe dawa ya kupe; Ugas mwenyewe na birika lake la kahawa ya tangawizi; na mimi, ambaye kazi yangu ni kusikiliza. Alhamisi moja ya mwaka wa tisini na tisa, Mwalimu Nthenya alileta kompyuta kwenye kaunta ya Ugas ili atumie stima. Ilikuwa laptop kuukuu, zawadi ya mmishenari aliyehama mji wa Salama, na mdomo wake wa CD ulikufa zamani. Nthenya alitaka kuiwekea Linux, ile programu ya kuendeshea kompyuta ambayo ni ya bure, apate kufundisha wasichana kuchapa. Kwa kuwa CD haikuweza kusomwa, binamu yake wa Nairobi alimgawia hiyo Linux kwenye diski ndogo ishirini, zile bapa za plastiki.

Kosa lake lilikuwa kuacha katoni ya diski kanisani Jumapili ya mavuno, kando ya maboga na kuku. Shemasi hakuuliza mtu. Alizipiga mnada moja moja pamoja na sadaka nyingine, nasi tukanunua, maana nani anataka kuonekana bahili mbele ya madhabahu. Nthenya alizunguka nyumba kwa nyumba Jumatano nzima hadi akazipata zote. Sasa saa kumi Mama Kalunde, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, ambaye sote humwita mwaitu, yaani mama yetu, angepita. Asipoona kompyuta ikifanya kazi, chumba cha kanisa walichoahidiwa wasichana kingejazwa magunia ya ndengu.

Diski nane ziliingia vizuri. Ya tisa ikakwaruza, ikanyamaza, kisha kioo kikaandika kwamba haisomeki.

INJINIA: — Hiyo ni presha. Huu mdomo wa CD umekufa ukiwa wazi. Unalisha hapa, inatokea pale. Treni ikivuja hewa haishiki breki. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Daktari, toa plasta.

Daktari akatoa plasta ya mbuzi, wakaziba mdomo wa CD. Diski ikakwaruza vilevile.

NTHENYA: — Wazee, huo mdomo hauhusiani na hii diski hata kidogo.

DAKTARI: — Basi ni ugonjwa. Redio ilisema kompyuta hushikwa na virusi. Hizi diski si zilikaa na kuku pale kanisani? Hiyo ni kideri.

NTHENYA: — Kideri ni ya kuku, Daktari.

DAKTARI: — Na hii kompyuta ukiifungua haina mbawa mbili?

Tuliiangalia. Kusema kweli, ilikuwa nazo.

UGAS: — Nyinyi hamjui biashara. Hii Linux ni ya bure, na mashine inashuku. Mimi nikikupea kahawa ya bure, utakunywa?

DAKTARI: — Nitakunywa.

UGAS: — Wewe ndio. Mashine imesoma.

INJINIA: — Mnapotea. Mwaka elfu mbili inakuja, na tisa zote zimeanza kuogopa. Mwaka tisini na tisa, diski ya tisa. Dada yangu ako na watoto wanane, wa tisa amekataa kuja. Samaki mkunje angali mbichi. Mwalimu, ruka hiyo, weka ya kumi.

NTHENYA: — Nikiruka haikubali. Zinafuatana. Nikikosa moja ni kama nimekosa zote. Niko na wasichana kumi na mmoja, Injinia. Nimewaambia waje Jumatatu.

Tulimwonea huruma sana, lakini hakuna aliyeacha kuongea. Daktari alikuwa amefika kwenye kuichoma diski sindano wakati Mama Kalunde alipotokea, mwavuli mkononi, tukasimama sote.

KALUNDE: — Kaeni. Mwalimu, inafanya?

NTHENYA: — Imefika nane, mwaitu. Ya tisa imekataa.

Mama Kalunde akaichukua ile diski, akaigeuza kwenye mwanga.

KALUNDE: — Mbona hii iko na duara ya kikombe?

Daktari akaangalia lori lililopita. Ugas akafuta kaunta iliyokuwa safi. Mimi nikainamia viatu vyangu, kwa sababu nilikuwa nimeliona duara hilo likichorwa tangu Jumapili.

KALUNDE: — Na inanukia tangawizi.

INJINIA: — Ni mimi, mwaitu. Hii benchi imeinama, kikombe inateleza. Nilinunua hiyo kitu kwa mnada, nikasema si basi ifanye kazi ya kisahani. Mwalimu alipokuja kuichukua niliipanguza na shati. Nilidhani imekauka.

Nilidhani Nthenya atamtukana, na alikuwa na haki.

NTHENYA: — Binamu anaweza kunitengenezea ingine. Ataituma na basi, labda wiki mbili.

KALUNDE: — Shemasi wetu ndiye aliuza kitu ya mwenyewe bila kuuliza. Kanisa limekosa. Chumba kitangoja, na wasichana watangoja. Lakini ndengu haziwezi kulala nje, na mkokoteni uko njiani.

Akafungua mwavuli wake taratibu.

KALUNDE: — Nzuki, sebule yako ni kubwa?

INJINIA: — Si kubwa sana, mwaitu.

KALUNDE: — Magunia ni kumi na manne. Yatatosha yakipangwa vizuri.

Akaenda zake. Nthenya akazifungasha diski kumi na tisa ndani ya leso, akabandua plasta ya mbuzi kwenye kompyuta, na nilimwona akitabasamu. Injinia alibaki ameshika kikombe kwa mikono miwili, hana mahali pa kukiweka.

INJINIA: — Sasa Ndinda nitamwambia nini?

Ndinda ni mke wake, na sebule hiyo aliipaka rangi mwezi uliopita. Tukafikiri. Ugas akainua birika amwongezee Injinia kahawa, akakuta imeisha.