Mlio wa Chumba cha Nyuma

Kwaa! Mlio mmoja tu, jana usiku, kutoka chumba kilicho nyuma ya kibanda cha kinyozi. Asubuhi benchi letu halikuwa na habari nyingine. Chumba hicho amehamia jana mdogo wake fundi cherehani, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, akili yake hushika mambo polepole, na kabla ya jana hakuwahi kulala mbali na huyo fundi, dada yake. Miaka yote ndiye anayetuoshea vikombe vya kahawa. Dada mtu ametuachia neno: tukiona mambo hayaendi, tumwambie, atamrudisha leo leo.

— Arudishwe, alisema Spana, fundi wa baiskeli. Kitanda kimevunjika kile.

— Kitanda hakivunjiki hivyo, alidakia Redio, kinyozi. Huyo mwizi.

— Mwizi aibe nini mle? Ndoo?

— Ndiyo hapo! Kaingia, kaona ndoo peke yake, kazimia kwa huruma. Kwaa! Chini!

— Basi saa hizi anapewa uji! akaongeza mwingine.

Tulicheka hadi kahawa ikatumwagikia. Spana akainuka.

— Chekeni tu. Mimi naenda kwa dada yake.

Mteja aliyeleta baiskeli yenye pancha akauliza:

— Samahani, huyo mnayemjadili, hapa mnamwitaje?

Tukatazamana. Benchi letu lina desturi yake: hukai mpaka mwenzako akubatize jina. Redio alibatizwa, Spana alibatizwa, hata mbuzi wa jirani ana lake. Yeye ni “mdogo wake fundi” tu. Vikombe vyetu huviosha amesimama.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Akatoka, shati safi, vifungo vimepishana kimoja.

— Hamjambo?

— Hatujambo, ndugu yangu, alisema Redio. Jana usiku nini kililia kwako?

— Komeo. Gumu! Nimelisukuma kwa mikono miwili.

Akacheka, akatuonyesha mikono.

— Kwa dada, mlango anafunga dada. Jana nimefunga mimi.

— Hukuogopa? aliuliza Spana, bado kasimama.

— Niliogopa. Ndiyo maana nikafunga.

Yule bwana akainama kuokota vikombe vyetu, kama kawaida yake.

— Hebu viache, Spana akamwambia. Akaketi tena, akajibana ukingoni, akapangusa nafasi kwa kiganja chenye grisi.

— Leo naosha mimi. Kaa hapa, Komeo.