Marehemu Taratibu na Zile Dakika Kumi na Moja

Ndugu, jamaa na majirani, mliopata viti na mliosimama, huyu tuliyekuja kumsindikiza alizaliwa tarehe 12 Mei 1983, saa moja asubuhi, katika wodi ya wazazi ya hospitali ileile aliyokuja kuifanyia kazi, akiwa mtoto pekee wa mama yake, na mama alipofariki tarehe 30 Agosti 1987 alichukuliwa na bibi mzaa mama, mfuaji wa mashuka wa hospitali hiyo, akakulia ndani ya mvuke wa chumba cha kufulia, akilala mchana juu ya mashuka yaliyokwisha kukunjwa, huku bibi akimwonya, mume wangu, ole wako ukojoe, hayo ni ya wagonjwa.

Jina la Taratibu alipewa na wafuaji wenzake bibi, kwa kuwa akitumwa sabuni mlango wa pili alirudi maji yameshapoa, wala hakuwa mvivu jamani, alikuwa mtu wa kuangalia kila kitu mara mbili, hata kamba ya kuanikia aliivuta kwanza aone kama imefungwa, ndipo akupe nguo uanike.

Alianza darasa la kwanza Januari 1991, akamaliza shule ya msingi Novemba 1997, akasoma sekondari kuanzia 1998 hadi 2001, kisha chuo cha ufundi, alikopata cheti cha mitandao ya kompyuta tarehe 5 Desemba 2004, na bibi, ambaye shule aliiona kwa nje tu, alikishika kile cheti juu chini, akasema kimeandikwa vizuri sana, Taratibu akakigeuza polepole mikononi mwake, wala hakucheka.

Aliajiriwa hospitalini tarehe 1 Machi 2006, kama fundi wa mtandao, katika chumba kidogo chenye baridi na mvumo wa feni, kilichotengana na chumba cha kufulia kwa ukuta mmoja tu, hata bibi akitaka kumwita ale, aligonga ukutani kwa mpini wa ufagio.

Tarehe 21 Juni 2014 alifunga ndoa na mkewe, fundi cherehani, ambaye husema kwamba siku ya kuposwa alidhani mchumba amesahau neno, kumbe alikuwa analihakiki, na tarehe 9 Februari 2016 Mungu akawajalia binti, aliyeurithi mwendo wa baba yake mzima mzima.

Kazi yake ni vema ikaelezwa, maana ndiyo iliyomla. Kompyuta zote za wodini hupitia kwenye kisanduku chenye matundu mengi ya kuchomekea waya, wenyewe hukiita swichi, ndipo zizifikie seva tatu, yaani zile kompyuta kubwa za hospitali, mojawapo ikitunza mafaili ya wagonjwa, na waya mmoja ulipoelemewa na picha za mionzi, Taratibu alijifunza kuunganisha matundu mawili ya swichi yahesabike kuwa moja, nyaya mbili zikaenda kwenye seva moja, njia ikapanuka. Bibi alimuuliza, sasa picha yangu mimi itafika mara mbili upesi, naye akamjibu, hapana bibi, ni kama ulipotobolewa mlango wa pili kule kufulia, mtu mmoja hapiti milango miwili kwa wakati mmoja, ila watu mia hawasukumani tena.

Seva mbili alizifanyia hivyo mwaka 2018 bila hitilafu, kwa desturi yake mwenyewe, kwamba kwanza anauacha waya wa pili nje, anaielekeza swichi iyahesabu matundu mawili kuwa moja, anakwenda kuielekeza seva vilevile, anarudi kuhakikisha, ndipo anauchomeka. Ikabaki ya tatu, ya mafaili, na tarehe 14 Machi 2019, saa tano asubuhi, daktari wa zamu akampigia simu, Taratibu, leo badili jina basi, huku mafaili yanafunguka kwa kujivuta, na watu wakasikika wakicheka nyuma ya simu, naye akacheka, akachomeka waya wa pili mapema, akaielekeza swichi, seva ikiwa bado haijaambiwa neno. Mizigo ikawa inatumwa kwa waya ambao upande wa pili hakuna wa kuipokea, mafaili yakagoma kufunguka hospitali nzima, na kwa kuwa hakujishuku mwenyewe, alikagua kila kitu mara mbili kama ilivyo tabia yake, zikapita dakika kumi na moja ndipo akauchomoa ule waya.

Ndani ya dakika hizo aliletwa mke wa seremala mmoja, ikasemwa amezimia, na muuguzi aliyekuwa akihangaika na kompyuta alipaza sauti, faili lake, jamani, nani ana faili lake, na sauti ile ilipenya mpaka chumbani kwa Taratibu. Mama yule alifariki. Kamati ilikaa, tarehe 2 Aprili 2019 ikaandika barua kwamba fundi hana lawama, lakini Taratibu aliikunja ile barua, hakuisoma tena.

Tangu hapo mtu wetu alikuwa nasi na hakuwa nasi. Mchana kweupe, tonge mkononi, aligeuka akaitika, naam, nalileta, na mkewe akimuuliza nani kakuita, alisema, si yule mama, anataka faili lake. Akikaa kimya mezani, bibi alijua anahesabu dakika, akifika kumi na moja anashusha pumzi, halafu anaanza upya.

Maradhi ya figo yalimwanza Februari 2023, akalazwa mara nne, na tarehe 2 Oktoba 2024 akamwomba bibi aende kwa seremala akamuulize swali moja, je, mkewe angepona lau faili lingefunguka. Bibi alikwenda kwa miguu yake mpaka karakana, akauliza, seremala akaendelea kupiga randa, hakuinua uso, bibi akarudi mikono mitupu, akamwambia mgonjwa kuwa hakumkuta.

Kesho yake, saa tisa alasiri, seremala alitokea wodini na vumbi lake la mbao, wakati huo Taratibu hasemi tena wala hafumbui macho, akamwinamia sikioni, akasema maneno machache, akatoka. Saa kumi na dakika nane Taratibu alikata roho. Kama alisikia, hakuna anayejua, na hilo ndilo linalomnyima bibi usingizi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliopika na kufagia, wafuaji, na mafundi wenzake, pamoja na yule daktari wa simu, ambaye amekesha hapa siku tatu, na ambaye hatumdai lolote.

Seremala yupo nasi, ameridhia maneno yake yasomwe mbele ya wote, nayo ni haya, kijana, mke wangu alishakata roho mikononi mwangu, hata lango la hospitali hatujalifikia, nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka awepo wa kulaumiwa.

Taratibu, yamesomwa kwa sauti. Hakuna anayekuita tena. Pumzika, baba, kwa amani.