Kigari cha Buluu cha Fundi Rangi

Ndugu yetu, ambaye wote tulimwita Fundi Rangi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya sita. Mimi ninayesoma wasifu huu ni mdogo wake ninayemfuata. Alisoma shule ya msingi, kisha chuo cha ufundi alikohitimu mwaka 1979. Kwenye ripoti ya mwisho mwalimu wake aliandika: "Kazi safi, maneno machache."

Kwa miaka thelathini na minne alipuliza rangi magari ya watu katika gereji moja. La kwake hakuwahi kuwa nalo. Badala yake alikusanya vigari vya mfano, vya chuma, vyenye milango ya kufunguka, kila kimoja ndani ya boksi lake. Tulimcheka mpaka mbavu zikatuuma. "Boksi likichanika tu, bei imekwenda," alitujibu, nasi tukazidi kucheka.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985. Kigari chake cha kwanza, cha buluu, alipewa na mkewe, aliyekinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa ukarani. "Chukua gari lako," alimwambia. "La kupanda litakuja." Halikuja.

Mwaka 2021 mapafu yalianza kumsumbua. Vigari navyo vikaanza kupungua kabatini, tukadhani anawagawia wajukuu. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa tano na dakika ishirini asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Yanayofuata hayamo kwenye ratiba mliyoshika. Nimeyaandika leo asubuhi nyuma ya bahasha.

Saa mbili alikuja muuza vigari, rafiki yake, kuaga mwili. Alipokiona kigari cha buluu mikononi mwa marehemu, alichowekewa na mkewe, alikaa chini sakafuni.

"Jamani, mnakizika? Mwezi uliopita kama hicho kimeuzwa bei ya nyumba! Kila mwaka bei inapanda!"

Hata hatujakaa sawa, akatuambia la pili: vile vingine thelathini na nane alivinunua yeye, na ndivyo vilivyolipia dawa kwa miaka mitatu. Sisi tulidhani ni bima ya kazini. Hicho cha mwisho marehemu alimkatalia. "Hicho nilipewa," alimwambia. "Na usimwambie mama watoto bei yake, atakiuza leo leo aninunulie dawa."

Shemeji yangu anaishi vyumba viwili vya kupanga. Nililifikiria hilo na, nakiri mbele yenu, nikaingiza mkono jenezani.

"Shemeji, toa mkono," alisema.

"Umesikia bei lakini?"

"Nimesikia. Hata yeye aliijua, na akakaa nacho. Sasa mimi nije nimnyang'anye akiwa amelala?"

Nikautoa mkono. Sijawahi kuona aibu kama ile. Jeneza likafungwa.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, dada mmoja, na sisi wadogo zake watatu. Walioanza kulitazama kaburi kwa jicho la pili wajue zege linamwagwa leo hii.

Pumzika kwa amani, kaka. Safari hii umeondoka na gari lako mwenyewe.