Mitungi ya Mashine Baridi

Sogeeni wanangu, na wewe Mkubwa uache kutazama dirisha, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja, si ya kurudia. Tangu yule fundi cherehani jirani yetu aungue na jiko lake la gesi hadi kufa, kila nikifumba macho naisikia gesi ikivuja, ssss, humu ukutani. Mnaniambia ni homa. Haya, iwe homa.

Nyumba ni yenu nyote, msigombane. Kiwanda chetu cha mitungi ya gesi ndicho kinachoninyima kufa.

Kitindamimba wangu huyu alipowaonyesha kwenye kompyuta michoro yake ya mitungi inayovuja mlimcheka, "Profesa wa mitungi kaja," na wewe Mkubwa ukamjibu kwamba wastani wa unene wa mshono wa chuma uko sawa mwaka mzima. Mwanangu, wastani haukai jikoni kwa mtu. Anayekaa jikoni ni mtungi mmoja. Mdogo wako alitazama pale pasipo na kipimo. Mashine ya kuchomelea ikizimwa wakati wa chakula, ikiwashwa tena huanza ikiwa baridi, na mpimaji wetu, kwa mazoea ya kiwanda, huisubiri "iamke" ndipo apime, huku mitungi ile ya kwanza, yenye mshono dhaifu, ikipakwa rangi na kwenda zake sokoni. Dada yenu huyu mdogo akaikusanya yote iliyorudishwa ikivuja, akasoma saa ya kutengenezwa iliyogongwa shingoni mwa kila mtungi, na karibu yote, pamoja na ule wa fundi cherehani, ilizaliwa mashine ikiwa baridi.

Ukaniambia, "Mama, tukiiita irudi, kiwanda kinakufa." Na kife. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio hiki kitakuwa cha watu wasiotujua hata kwa sura. Uzeni magari, uzeni hata nyumba hii niliyokwisha kuwapa, lakini mitungi ya saa ile irudi, na kuanzia kesho mashine ikiwashwa, wa kwanza kutoka ndio wa kwanza kupimwa. Mpimaji msimfukuze. Dada yenu awe juu yake, na juu yako pia, Mkubwa, usinune, nakuona.

Msinizike kabla hamjatangaza redioni.

Mungu awape... usingizi, ule ulionikimbia mimi. Mpendane. Na huo mtungi wa jikoni humu, mnaopikia wageni waliokuja kuniaga... nani kautazama shingo? Nenda, Mkubwa. Uji wangu... usubiri. Ufunge mtungi kwanza.