Vijidudu vya Kwenye Ugoro

Mwaka 1973, ndani ya basi la Muleba kwenda Bukoba, Kokuberwa, mama wa Kihaya, alimsikia mzee wa kiti cha mbele, mwenye kikohozi kikavu, akimkaribisha ugoro binti aliyevaa sare ya uuguzi.

"Ahsante Tata, hapana. Humo mna vijidudu hai, vinaweza kushuka mpaka kifuani."

"Miaka arobaini nanusa, sijaona hata kimoja!"

"Mimi nimeviona, kwa hadubini."

"Uliviona wewe mwenyewe, hukuambiwa na mzungu?"

"Mimi mwenyewe."

Mzee akasimama. "Sikieni! Binti wa Kihaya ameona visivyoonekana!" Akanusa ugoro kwa furaha.

"Tata, jamani!"

Basi lilifika stendi wakiwa bado wanabishana. Kokuberwa akateremka kifua mbele, utadhani yeye ndiye aliyemzaa binti yule.