Mwalimu Ikupa na Matanga ya Mtu Aliye Hai

Mchungaji, wazee wa Mpemba, walimu wenzake Ikupa na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia za Nzunda na Simbeye zimenituma mimi, Yesaya Nzunda, kaka wa marehemu, niwasomee maisha ya mdogo wangu, kazi ambayo siku zote ilikuwa ya marehemu mwenyewe, maana kwa miaka kumi na mitatu karibu kila historia iliyosomwa msibani katika mtaa huu iliandikwa kwa mkono wake.

Ikupa Jairo Nzunda alizaliwa tarehe 8 Machi 1984, katika kijiji kilicho juu kidogo ya Mlowo, wilayani Mbozi, wakati huo Mkoa wa Mbeya, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Jairo, mkulima wa kahawa, na mama Ruti. Alianza darasa la kwanza mwaka 1991 katika shule ya msingi ya kijiji, na hapo ndipo alipokutana na Mwalimu Anastazia, binti wa Kihaya kutoka Bukoba, aliyepangiwa kazi kwetu akiwa hajui hata neno moja la Kinyiha, na Ikupa ndiye aliyemtekea maji, akamfundisha kusalimia, na kumcheka alipokosea.

Mwezi Mei 1996, Ikupa akiwa darasa la sita, Mwalimu Anastazia alipata ruhusa ya kwenda kwao kumzika baba yake, akawaahidi wanafunzi kwamba wakati wa kurudi angevuka ziwa kwa meli ya Jumatatu tarehe 20, na kabla ya wiki kuisha angekuwa darasani. Jumanne tarehe 21 redio ikatangaza kwamba MV Bukoba imezama karibu na Mwanza, bendera ya shule ikashushwa nusu mlingoti, taifa likaomboleza siku tatu, na kila basi liliposimama Mlowo darasa la sita lilikuwa na mtu wake pale wa kuangalia nani anashuka. Wiki ikapita, barua hakuna, simu za wakati ule tunazijua wenyewe, na redio ikawa inasema waliozama ni wengi kuliko waliokuwa kwenye orodha.

Jumamosi tarehe 1 Juni wazee wakaamua kwamba mgeni aliyekula chakula cha kijiji miaka mitano hawezi kuachwa bila kuliliwa, mikeka ikatandikwa nyumbani kwake, akina mama wakaja na unga na maharage, na Ikupa, kwa kuwa ndiye aliyemjua zaidi, akapewa kazi ya kuandika historia na kuisoma. Aliisoma, nayo ilikuwa nusu ukurasa tu, kwa sababu hakujua mwalimu alizaliwa tarehe gani, wala jina la mama yake, wala kama ana ndugu.

Jumatatu mchana, siku ya tatu ya matanga, Mwalimu Anastazia akashuka Mlowo, akapanda kilima na mzigo wake, akakuta akina mama wamejaa uani kwake, wameinama, wamejitanda khanga, akadhani majirani wamefiwa na kuazima uwanja, akatua mzigo, akakaa mkekani, akalia pamoja nao, kisha akamgeukia aliyekuwa karibu yake, ambaye ni mama yetu Ruti, akamwuliza, "Pole mama, tumefiwa na nani?" Wapo waliokimbia, wapo waliocheka kwa hofu, na baba akasema mbele za watu kwamba mtoto wake amemsomea mtu hai kifo, na kwamba mwalimu huyo akipatwa na lolote lawama itabaki nyumbani kwetu. Ikupa, mtoto wa miaka kumi na miwili, akajificha kwenye kahawa, akiamini kabisa kwamba amemuua mwalimu wake.

Mwalimu alimfuata huko, na yaliyosemwa kwenye kahawa sisi nyumbani hatukuyajua yote, tulidhani alichapwa kwanza, hadi juzi Mwalimu Anastazia, sasa mstaafu, alipotusimulia kwa simu. Siku ya safari alishikwa na homa, mdogo wake Felista akapanda meli kwa tiketi yake kwenda Mwanza kujifunza ushonaji, na Felista hakupatikana, na kwao Bukoba walikuwa bado wanabishana kama wamlilie au wamsubiri. Mwalimu akaomba mikeka isikunjwe, akamtajia Ikupa tarehe, majina ya wazazi, na jinsi Felista alivyokuwa mvivu wa kupika, na kesho yake Ikupa akasimama tena, akasoma ukurasa mzima, na watu wa Mbozi wakamlilia kweli msichana ambaye hawakuwahi kumwona.

Ikupa alisoma sekondari mwaka 1998 hadi 2001, akahitimu ualimu mwaka 2004, akafundisha shule ya Ndalambo, kisha Mpemba kuanzia 2012. Tarehe 25 Agosti 2007 alifunga ndoa na Clement Simbeye, wakajaliwa watoto wawili, Nesta mwaka 2008 na Luka mwaka 2013.

Hapa Mpemba mnamkumbuka na daftari lake, akiwauliza watu habari zao wangali wazima, hata mkamtania kwamba akibisha hodi mtu aandae sanda. Mzee Andongwisye alimfukuza kwa fimbo, na wiki haikupita akamwita mwenyewe, kwa sababu alikumbuka mtoto wake wa kwanza, ambaye jina lake halikuwa limeandikwa mahali popote. Hata kwa utingo aliyefia kwenye foleni ya malori pale mpakani, Ikupa aliwazungukia madereva siku mbili mpaka akapata jina la mama wa utingo huyo.

Desemba 2024 alianza kuvimba miguu, akagundulika ana tatizo la figo, akatibiwa Vwawa na baadaye Mbeya, akafariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake waliopokezana zamu hospitalini, na majirani ambao hawajatuacha tupike wenyewe tangu Jumatatu.

Tunakiri mbele yenu jambo moja la aibu. Daftari lake lina watu mia mbili na kumi na sita, yeye hayumo, na kati yetu sisi tuliokula naye hakuna aliyewahi kumkalisha chini akamwuliza yeye habari zake. Jana Nesta alituuliza ni wimbo gani mama yake aliupenda ili uimbwe leo, tukaangaliana, mume, kaka, dada, hakuna aliyejua.

Kwa hiyo historia hii haijaisha, na familia inaomba, kabla jeneza halijafunikwa, yeyote anayejua lolote kumhusu, hata dogo, asimame aseme. Nesta amekaa hapa mbele, ataandika.

Pumzika kwa amani, Ikupa, na utusamehe kwa kuchelewa kuuliza.